Mnada wa sarafu kwenye miji midogo ya Uingereza: maswali mnayoniuliza kila siku

Naishi England mwaka wa kumi na mbili sasa na karibu kila mwezi nakuwa kwenye ukumbi wa mji fulani mdogo nasubiri loti yangu itajwe. Natafuta sarafu za kwetu, Zanzibar, Mombasa, za Mjerumani, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba. Nikiposti picha tu inbox inajaa maswali yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Yako kwa mpangilio, ya mwanzo ni ya mtu ambaye hajawahi kwenda kabisa, ya mwisho ni ya wale walioshaingia wakakwama.

## Kabla hujatoka nyumbani

Mnada wa sarafu ni kitu gani hasa, na kwa nini unang'ang'ania miji midogo?

Ni mnada kama mnada mwingine, dalali yuko mbele na nyundo yake, watu wamekaa, sema badala ya ng'ombe au makochi wanauza sarafu, noti na medali. Vitu vinapewa namba, kila namba ni loti, na loti inaweza kuwa sarafu moja tu ndani ya kibahasha au boksi zima la kilo 4 ambalo hakuna aliyelipanga. Minada mingi ya miji midogo huku ilianzia kwenye biashara ya mifugo na kuna mahali mpaka leo ukumbi uko jirani na mazizi, unanunua sarafu huku kondoo wanalia nje.

Sababu ya miji midogo ni hii. London anayeandika katalogi ya sarafu hafanyi kingine, rupia ya Mombasa anaijua kuliko mimi na wewe, na bei itaenda panapostahili. Mji mdogo anayeandika sarafu leo jana kaandika makabati na juzi kaandika sahani, akikutana na kitu cha Zanzibar chenye maandishi ya Kiarabu anakitupia kwenye boksi la India au anaandika tu "Afrika, mchanganyiko" na anaendelea na kazi. Wewe unayejua unachokiangalia una nafasi pale, London huna.

Lazima nialikwe au niwe na duka?

Hapana. Mlango uko wazi kwa mtu yeyote, unaenda dawati la mapokezi na kitambulisho na kitu kinachoonyesha anuani yako, wanakuandikisha wanakupa kibao chenye namba, basi. Kuingia kuangalia tu bila kununua pia ruksa, na mimi nashauri mnada wako wa kwanza uwe hivyo, kaa nyuma, andika kila loti imeuzwa shilingi ngapi (yani pauni), utajifunza kuliko kusoma mwezi mzima.

Sarafu za kwetu zilifikaje kwenye kijiji cha Waingereza?

Kwenye mifuko ya watu. Wanajeshi waliopigana vita mbili za dunia upande wa kwetu, maofisa wa koloni, walimu wa misheni, mabaharia, walirudi na chenji, wakaitia kwenye kopo la biskuti, kopo likakaa darini miaka 60. Mwenyewe akifa wajukuu wanasafisha nyumba na kopo linapelekwa mnadani na vitu vingine. Mi mara ya kwanza kushika senti kumi yenye tundu nilikuwa Shropshire sio Tanga, nikamkumbuka bibi alivyokuwa anasema "ndururu" na "sumni" na sisi watoto tunacheka hatujui anaongelea nini. Maneno tulibaki nayo sisi, vyuma vyenyewe viko huku. Hata "hela" ni hiyo hiyo heller ya Mjerumani, iliyokuja 1904 alipoacha kugawa rupia kwa pesa 64 akaigawa kwa heller 100.

Nianze na zipi? Sina hela nyingi.

Anza na senti za Afrika Mashariki za tundu, 5 na 10, zenye pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Ni za bei ndogo, ziko nyingi, na kuna kitu kizuri humo ndani, tafuta za 1936 zenye jina la Edward VIII. Huyu mfalme alikaa kitini chini ya mwaka mmoja akajiuzulu Desemba 1936, Uingereza kwenyewe hawakuwahi kutoa sarafu zake mtaani, ila zetu zilitoka kwa sababu za tundu hazina sura, zinahitaji jina tu. Sio adimu wala sio ghali na bado watu wanazipita. Angalia usichanganye na peni za tundu za Afrika Magharibi, zile zina nyota ya pembe sita, na boksi la mji mdogo siku zote zinakuwa pamoja.

Alafu njoo kwenye shilingi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, 1920 wakajaribu florini badala ya rupia, haikudumu, 1921 ikaja shilingi yenye simba na milima nyuma yake. Za mpaka 1946 zina fedha robo tu (asilimia 25), za 1948 mpaka 1952 hazina fedha kabisa. Watu wanaposti "shilingi ya fedha ya 1952" nikiona naumia. Ukikuta florini ya 1920 kwenye boksi, funika boksi taratibu na usiongee na mtu.

Herufi ndogo karibu na mwaka nazo zisome, zinakwambia ilikopigwa: H ni Heaton na KN ni King's Norton, zote za Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Mwaka ule ule herufi tofauti bei inaweza kuwa tofauti kabisa.

Na za zamani zaidi, kabla ya Mwingereza kushika kote?

Hapa ndo moyo wangu ulipo. Pysa ya shaba ya Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, yani 1882, ina jina la Sayyid Barghash bin Said upande mmoja na mizani upande mwingine. Mombasa kuna za kampuni ya Waingereza ya 1888, rupia ya fedha na pice ya shaba, na pice nayo ina mizani kwa hiyo watu wanazichanganya, geuza, ya Mombasa ina jua na jina la mji kwa herufi za Kizungu. Za Mjerumani kuna pesa za shaba za 1890 mpaka 1892, rupia zenye Kaiser Wilhelm amevaa kofia yenye tai, na heller za baadaye ambapo herufi A ni Berlin na J ni Hamburg.

Na kuna T. T ni Tabora. Vita ya kwanza Waingereza walifunga bahari, hela haziji kutoka Ujerumani, Wajerumani wakapiga zao 1916 Tabora kwenye karakana ya reli, heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Septemba 1916 Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji waliotokea Kongo, ikaishia hapo. Ile ya tembo ni maelfu ya pauni, usiiote kwanza, ila heller 20 ya Tabora mtu wa kawaida anaimudu. Ukiishika unaona kabisa imepigwa na watu wenye haraka, herufi hazijakaa sawa, pengine duara limeenda upande, na mi naipenda kuliko sarafu yoyote iliyotoka Berlin.

## Siku ya kukagua

Kuna ulazima wa kwenda kukagua? Si picha zipo mtandaoni?

Kuna ulazima, na kama ni jambo moja tu utalichukua hapa chukua hili. Picha ya boksi la sarafu 300 inakuonyesha sarafu 40 za juu. Siku ya kukagua, mara nyingi siku moja kabla au asubuhi ya mnada wenyewe, unaomba loti namba fulani, unakaa mezani unamwaga kwenye trei na unaangalia moja moja mpaka uridhike, hakuna atakayekufukuza. Hapo unaandika kwenye daftari "loti 212, pysa 3, heller 20 T moja, florini hakuna" na unajua hilo boksi kwako lina thamani gani, wakati aliyekaa nyumbani na simu anakisia.

Niende na nini?

Lenzi ya kukuzia mara 10, mizani ndogo ya vito inayosoma mpaka gramu 0.01, sumaku ndogo, daftari, na kitambaa kisafi cha kutandika. Sarafu shika ukingoni kwa vidole viwili, usiguse uso wake, jasho lina chumvi na alama ya kidole kwenye shaba haitoki. Simu unaweza kutumia kupiga picha ila omba kwanza.

Halafu kuna jambo la heshima ambalo nataka niliseme wazi. Usihamishe sarafu kutoka loti moja kwenda nyingine, wala usiifukie chini ya boksi ili wengine wasiione. Nimeona mtu anaipeleka sarafu nzuri kutoka kibahasha cha bei kwenda boksi la takataka analotaka kulinunua yeye. Ule ni wizi, na aliyeibiwa ni familia ya marehemu wa watu ambayo ndo inauza.

VF, EF na UNC kwenye katalogi ni nini?

Ni hali ya sarafu. F imelika lakini inasomeka, VF imelika kidogo, EF karibu haijatumika, UNC haijaingia mtaani kabisa. Aliyeandika sio mtaalamu, soma kama maoni yake halafu angalia mwenyewe. Simba wa shilingi anaanza kulika kwenye manyoya ya shingo, pale ndo pa kuangalia.

Nikinunua chafu niisafishe?

Hapana hapana hapana. Sio kwa limao, sio kwa dawa ya meno, sio kwa majivu. Rangi ile ya miaka 100 ndo nusu ya bei yake, ukiing'arisha umeiua na mnunuzi yeyote mzoefu anaona mikwaruzo kwa lenzi. Ikiwa na unga wa kijani unaoenea peleka kwa anayejua, lakini iweke peke yake kwanza isiambukize wenzake, na isikae kwenye plastiki laini ile inayonuka.

## Pesa

Nimeshinda kwa pauni 100, mbona nimelipa 130?

Swali namba moja kwenye inbox yangu. Bei ya nyundo sio bei ya kulipa. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, nyingi ziko kati ya asilimia 20 na 25, na juu ya kamisheni kuna VAT asilimia 20. Nyundo 100, kamisheni 25, VAT ya hiyo 25 ni pauni 5, jumla 130. Ukiwa umebidi (yani umetoa dau) kupitia mtandao pengine kuna asilimia nyingine kama 5 ya wenye tovuti pamoja na VAT yake, unafika 136, bado posta. Masharti yote yako nyuma ya katalogi, yasome kabla.

Nijiwekee kikomo vipi?

Anzia nyuma. Amua jumla unayokubali kutoa mfukoni, igawe kwa 1.3, jibu ndo dau lako la mwisho ukumbini. Ukitaka kutoa 65 basi unaishia 50. Iandike kwenye katalogi pembeni ya loti kwa kalamu sio kwa penseli, maana pale ukumbini mwenzako anapanda, wewe unapanda, damu inachemka unasema tano tu zaidi, tano tu zaidi. Mwaka wangu wa pili nilichukua rupia ya 1890 kwa karibu mara mbili ya kikomo changu, miezi mitatu baadaye ikatokea nyingine nzuri zaidi nikawa sina hata nauli ya kwenda kukagua.

Makadirio yanasema 20 hadi 30, ina maana naanzia 20?

Si lazima. Makadirio ni kubahatisha kwa mwandishi wa katalogi, dalali anaweza kuanzia 10 kama ukumbi umelala. Muuzaji anaweza kuwa ameweka bei ya chini isiyotajwa, na kama haikufikiwa loti hairuhusiwi kuuzwa, utasikia anaipita. Ikipitwa nenda mwishoni kaulize ofisini, mara nyingine wanampigia mwenyewe mnamalizana.

## Ukumbini

Nikijikuna kichwa nitauziwa?

Hapana, hofu hiyo iache. Dalali anaangalia kibao, na akiwa na shaka anakuuliza kabisa. Jikune tu.

Anaongea haraka sana simwelewi.

Zoea mwendo kwanza, wanaweza kumaliza loti mia na kitu kwa saa moja. Sikiliza namba mbili tu, anayoitaka sasa na aliyonayo. Bei zinapanda kwa ngazi, mara nyingi pauni 5 tano mpaka mia halafu 10 kumi, ngazi inategemea nyumba ya mnada. Usiinue kibao mwanzoni kabisa, subiri wengine wapunguzane, ila usichelewe sana pia maana huku hakuna ile ya kwetu ya mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kwa kuvuta, ikipigwa imepigwa.

Siwezi kuhudhuria siku yenyewe, nifanyeje?

Acha dau la maandishi ofisini baada ya kukagua, unaandika namba ya loti na kiwango chako cha juu, dalali anakuchezea mpaka hapo na ikiisha chini unalipa hiyo ya chini. Kwa loti ndogo hii ni njia nzuri kuliko mtandao, haina ile ada ya tovuti na haikati netiweki. Andika namba isiyo ya duara, 52 badala ya 50, wengi wanaishia kwenye duara.

Nitakuwa Mwafrika peke yangu, watanichukuliaje?

Mara nyingi utakuwa peke yako kweli, sitakudanganya. Mara ya kwanza watageuka kukuangalia. Mimi nilisalimia, nikakaa, nikanunua kitu kidogo nikalipa palepale, mwezi uliofuata wananijua. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa ameshika pysa kichwa chini miguu juu, nikaigeuza nikamsomea jina la Barghash na mwaka, alikuwa nayo tangu ujana wake na hakuwahi kujua imeandikwa nini. Tangu siku hiyo akikuta yenye Kiarabu ananiwekea, na mi nikikuta peni zake za Victoria namwambia. Watu wa sarafu wanapenda sarafu, ukijua chako wanakuheshimu. Akitokea asiyekuheshimu pesa zako zina thamani ile ile kwa dalali, inua kibao.

## Yaliyokwama

Nitajuaje feki?

Pima uzito kwanza. Rupia, ya Mombasa au ya Mjerumani, ni karibu gramu 11.66, shilingi ya Afrika Mashariki 7.78, rupia 15 ya Tabora gramu 7.17 hivi, na imelika inapungua kidogo haizidi. Fedha, dhahabu na shaba havivutwi na sumaku. Angalia ukingo kwa lenzi, feki ya kumimina ina mshono au vitundu vidogo. Ya tembo ina nakala nyingi sana, bila karatasi ya nyumba ya kuthibitisha usiiguse kwenye mji mdogo.

Kuna na ile ambayo ni ya kweli ila imeharibika. Rupia nyingi zilivaliwa kama mapambo, wakatoa kishikio wakaziba, angalia ukingo pale juu kabisa, juu ya kichwa, utaona alama ya kuchomelea. Hiyo sio feki lakini bei yake ni robo ya nzima, pengine chini.

Nimekuta reale ya 1780, nimetajirika?

Pole. Ile ya Maria Theresa (malkia wa Austria) iliendelea kupigwa na mwaka ule ule 1780 kwa zaidi ya karne mbili maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu mpaka Unguja hawakutaka nyingine. Ni fedha nzuri, gramu 28 hivi, inastahili kuwa kwenye mkusanyiko wa mtu wa pwani, ila usiilipie kama ya karne ya 18.

Mimi na rafiki tumekubaliana tusipandishiane, kuna shida?

Marafiki wawili wakusanyaji kuambiana "hiyo mi siitaki, chukua" ni kawaida. Ila ukiingia kwenye makubaliano na mwenye duka, akakulipa au akakuahidi kitu ili usibidi, hiyo ni jinai Uingereza tangu sheria ya 1927. Ukifuatwa kwenye foleni ya chai na maneno ya hivyo, ondoka hapo.

Nimepeleka boksi nyumbani nikakuta cha thamani ambacho hakikuandikwa, nirudishe?

Loti umeinunua ilivyo, na ungekuta feki humo ndani wasingekurudishia. Mi sirudishi. Ila nikikuta kitu cha familia, medali yenye jina, barua, picha, napiga simu ofisini wawaulize wenyewe kama wanakitaka. Mara moja walikitaka, ilikuwa barua ya babu yao kutoka Dodoma.

Nimeona sarafu za Kilwa zinauzwa, ninunue?

Zile za shaba za masultani wa Kilwa ni vitu vya kale, na Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Muuzaji akuonyeshe karatasi za lini zilitoka na kwa njia gani. Hana, mimi sinunui hata iwe bei ya maandazi, maana ukinunua moja kuna mtu atachimba nyingine, na ikishatoka ardhini bila kuandikwa ilikuwa wapi habari yake imepotea. Ukiona loti kubwa ya hizo piga picha ya katalogi uwatumie Makumbusho ya Taifa, mi nilishafanya hivyo.

Niko Dar, naweza kushiriki?

Unaweza kubidi mtandaoni, ila nyumba nyingi ndogo hazitumi nje, uliza kwa barua pepe kabla ya kubidi na sio baada, maana ukishinda umeshinda, hakuna kughairi, na kutolipa kunakufungia mlango hapo na pengine kwa wenzao. Njia nzuri tafuta ndugu au rafiki aliye huku akukagulie, mpe hili la kukagua hapo juu asome kwanza. Mi pia nikiwa naenda na nina nafasi nawaangalizia watu, nitumie namba ya loti mapema, sio asubuhi ya mnada niko barabarani.